Hotipoti ya Bi Zamoyoni na Mzinga wa Rimoti

"Wiki tatu na siku mbili, Sajini. Ningeatamisha mayai siku ile, leo ningekuwa nafukuza vifaranga."

"Bi Zamoyoni, tafadhali usipaze sauti. Hapa ni mahali pa siri."

"Siri gani, na wewe umeanika kombati kwenye kamba yangu ya nguo? Nataka hotipoti yangu."

"Ipo. Nzima kabisa. Koplo anaipangusa kila asubuhi."

"Sikukupa uipanguse. Nilikupa ule. Ulikula?"

"Nilikula."

"Kilikuwa kibichi?"

Sajini Shomvi, mtu mwenye masharubu ya cheo cha juu kuliko chake, akatazama chini. Kilikuwa wali wa nazi na samaki wa kupaka, na pilipili ya kukaanga pembeni. Yako mambo askari anaweza kuyakana mbele ya adui, lakini si samaki yule.

"Kiliiva, dada. Tulilamba vidole."

"Basi mkishamaliza vidole mnirudishie chombo."

Sisi wengine wa Mtaa wa Vikombe tulikuwa upande wa pili wa ukuta. Si kwa kusikiliza. Ukuta ni mfupi, na mimi nilikuwa napepeta mchele ambao nilikwisha kuupepeta jana yake.

Labda kwenu ni tofauti, lakini kwetu chombo cha jirani hakirudi kitupu. Ukiletewa wali, hotipoti irudi na mihogo, au ndimu tatu, au hata chumvi kidogo kwenye karatasi. Kuirudisha tupu ni kumwambia mwenzako: umenilisha, nimeshiba, tusijuane. Sajini hakuwa mtu wa namna hiyo, mama yake alimlea. Tatizo lake lilikuwa Kanuni za Jeshi la nchi yake, ibara ya mia mbili na kumi na mbili: "Askari hatampa raia wa nchi jirani chakula cha Jamhuri, kwa kuwa adui aliyeshiba hulenga vizuri." Na kila kilicholika mle nyumba namba kumi na tano, walimopanga, kilikuwa cha Jamhuri: makasha kumi ya biskuti za dharura, kila biskuti imepigwa muhuri wa ngao ya taifa, kwenda kununua hata nyanya sokoni ni mpaka kibali kitoke makao makuu.

Tupu hawezi, iliyojaa haruhusiwi. Kwa hiyo hotipoti ikakaa, nyekundu, ya maua, katikati ya mitambo ya vita. Na Bi Zamoyoni, ambaye wali wake umeshazika na kuozesha watu mtaa mzima, akawa kila akipita anaona namba kumi na tano kama mtu aliyemtemea mate.

*

Sasa mtauliza askari wa nchi jirani anafanya nini Mtaa wa Vikombe. Mimi siasa sizijui. Nasimulia kama nilivyosimuliwa na Koplo Chilumba, ambaye ukimpa kipande cha andazi hana siri.

Nchi yao inaitwa Jamhuri ya Mkanda. Upana wake ni kilomita thelathini na moja. Mtu akipiga chafya mashariki, wa magharibi anamwambia afya. Urefu wake haujulikani, maana huko urefuni ni shamba la Rais, na linapokwisha linaanza la shemeji yake. Nchi yetu sisi ni Pambizo. Tumepakana nao tangu Mungu alipoacha kuumba, na uadui wetu ni wa kawaida tu, kama wa mawifi.

Mkanda wana mzinga mmoja. Unaitwa Bi Ngurumo, na umekaa juu ya kilima cha Kigongo ukiwa umeelekezwa kwetu. Si kwa chuki. Pande tatu zilizobaki kuna Ikulu, nyumba ya Waziri wa Ulinzi na kiwanda cha bia.

Basi Sikukuu ya Uhuru iliyopita Bi Ngurumo alipigwa kwa heshima ya taifa, na heshima ikamtoka kwa nyuma. Koplo Chilumba akapoteza nyusi zote mbili, na masikio yakaziba wiki mbili. Katika wiki mbili hizo alijibu "Ndiyo, afande" kwa kila alichoulizwa, na wakubwa wakampendekezea nishani mbili na safari ya masomo. Masikio yalipofunguka, safari ikafutwa.

Waziri wa Ulinzi wa Mkanda, Mheshimiwa Daktari Ngwereme, akaenda kumtazama Koplo wodini. Alipoona uso hauna nyusi akatoa kitambaa, akajifuta machozi mpaka mpiga picha aliposema inatosha. Jioni ile akahutubia taifa.

"Ndugu wananchi," akasema, "askari wa mzinga ni mboni ya jicho la taifa. Na mboni, ndugu zangu, haikai karibu na moto. Kuanzia leo hakuna askari wetu atakayesogelea mzinga. Vita tutapigana, lakini hatutakuwepo."

Watu walipiga makofi mpaka wengine wakasimama juu ya viti.

Ukaagizwa mtambo wa rimoti. Uko hivi: kule kilimani mzinga unabaki peke yake na kamera na kipaza sauti, huku mbali askari wanakaa chumbani kwenye feni, wanatazama skrini, wanazungusha vifundo, mzinga unageuka kama ng'ombe aliyeitwa. Katikati kuna kitufe chekundu cha kupigia. Kitufe kilikuja kimefunikwa nailoni, na ikaamriwa nailoni isivuliwe mpaka uzinduzi rasmi.

Likabaki swali dogo: mbali ni wapi? Ikaundwa Kamati ya Umbali Salama. Mjumbe wa kwanza akasema mita mia mbili. Wa pili akamuuliza, ndugu yangu, unawapenda askari wetu kwa mita mia mbili tu? Wa tatu akawapenda kwa kilomita moja. Baada ya chai mapenzi yalifika kilomita kumi, na baada ya chakula cha mchana, ambacho kilikuwa na kuku, yakafika arobaini. Ikaandikwa: askari wa mzinga, na kiongozi yeyote atakayehusika na kupiga, atakuwa kilomita zisizopungua arobaini kutoka mdomo wa mzinga.

Afisa mmoja wa ramani akanyoosha mkono, akasema kwa adabu kwamba nchi yenyewe ina kilomita thelathini na moja. Akashukuriwa sana kwa mchango wake, na sasa yuko Idara ya Mifugo.

Ndivyo Mkanda walivyokuja kupanga kwetu.

*

Walikuja wawili, Sajini Shomvi na Koplo Chilumba, na makasha, na bati lenye maandishi wakalipigilia mlangoni: FUNDI REDIO. HATUPOKEI REDIO.

Siri yao ilidumu mpaka saa nne asubuhi. Mjumbe wetu wa nyumba kumi, Mzee Kidevu, alikuja na daftari la wageni kama ilivyo desturi, akawauliza kazi. Sajini akasema fundi redio. Mzee Kidevu akatazama antena, akatazama masharubu, akaandika: "Fundi redio (anaendesha mzinga)." Akawatakia makazi mema.

Namba kumi na nne, ukuta kwa ukuta nao, ni kwa Bi Zamoyoni. Yeye hakuuliza mzinga umeelekea wapi. Aliona watu wawili wameingia, hawana mwanamke, hawajui genge liko wapi. Akapika, akafunika, akapeleka. Mengine mnayajua.

Siku ile ya ugomvi wa ukutani, Bi Zamoyoni alijitanda kanga akaenda moja kwa moja kwa Mzee Kidevu.

"Naandikisha malalamiko," akasema.

"Ya nini?"

"Hotipoti."

Mzee Kidevu anapenda mwandiko wake mwenyewe, kwa hiyo barua ikawa ndefu kidogo. Ikaenda kwa mtendaji, mtendaji akaongeza aya ili ionekane ameisoma. Diwani akaongeza neno "uvumilivu." Mkuu wa wilaya akaongeza "una mipaka." Ilipofika Wizara ya Mambo ya Nje ya Pambizo, barua ilisema hivi: chombo cha kimkakati cha kuhifadhi joto, mali ya mjane, kinashikiliwa na vikosi vya kigeni kwa wiki ya nne sasa, na Pambizo inatoa saa sabini na mbili kirejeshwe, vinginevyo itatumia njia zote ilizonazo.

Njia zote tulizonazo, nasikia, zilikuwa zimefungiwa kwenye droo, na mwenye ufunguo alikuwa msibani.

Lakini Mkanda hawakujua hilo. Mheshimiwa Ngwereme alisoma barua mbele ya baraza la mawaziri, akavua miwani. "Mkanda," akasema, "haijawahi kurudisha kitu chochote kwa mtu yeyote. Hiyo ndiyo historia yetu." Hapo hapo akatia saini amri: Bi Ngurumo apige chanzo cha uchokozi, keshokutwa saa saba mchana. Chanzo cha uchokozi kikatajwa kwa ukamilifu: Bi Zamoyoni, Mtaa wa Vikombe, nyumba namba kumi na nne.

*

Simu iliita namba kumi na tano wakati Koplo anapangusa hotipoti.

"Mheshimiwa," Sajini akasema baada ya kusikiliza, "hiyo namba kumi na nne ni hapa jirani."

"Jirani kiasi gani?" ikauliza sauti ya Waziri.

"Akikohoa nampa pole."

"Vizuri sana. Mtaweza kuthibitisha kama limefika."

"Mheshimiwa, ukuta ni mmoja. Likifika kwake limefika kwetu."

Karatasi zikasikika zikifunuliwa upande wa pili, na sauti ya mshauri wa sheria ikinong'ona. Waziri akarudi. "Sajini, nimeangalia. Kanuni inasema kilomita arobaini kutoka mdomo wa mzinga. Nyinyi mko arobaini na mbili. Mko salama kisheria. Hongereni."

Simu ikakatika. Sajini akakaa na mkono sikioni kama mtu aliyeng'atwa na nyuki. Hajawahi kukataa amri miaka ishirini na moja. Baba yake alikuwa askari wa mzinga uleule, na babu yake ndiye aliyeusukuma kilimani. Anayekataa kupiga huvuliwa cheo hadharani na jina lake hupakwa chokaa kwenye ubao wa kikosi, na juu ya jina lake pale ubaoni palikuwa na la baba, na juu ya la baba la babu.

Akaenda ukutani.

"Bi Zamoyoni. Keshokutwa saa saba usiwepo nyumbani."

"Kwa nini?"

"Ni siri."

"Wiki hii kila mchana nina watu wa kula. Niende wapi na sufuria?"

"Nenda popote. Nakusihi, dada."

Bi Zamoyoni alikuwa anachambua mchicha. Akauweka chini. "Sajini, sema."

Sajini akatazama kulia, tukainama. Akatazama kushoto, wale wa upande ule nao wakainama. "Nimeamriwa nikupige kwa mzinga."

Bi Zamoyoni akajifunga kanga upya. Mimi niliacha kupepeta.

"Kabla au baada ya kunirudishia hotipoti?"

"Amri haijasema."

"Basi sikiliza. Nyumba hii marehemu aliijenga tofali kwa tofali, na mimi nilikuwa nambebea maji. Sitoki. Ukitaka kunipiga, nipige, lakini chombo changu kiwe kimerudi, nisije nikaulizwa huko mbele nimekiacha wapi."

*

Kesho yake mchana Sajini aliwasha skrini kufanya maandalizi, maana mtu akishindwa kuamua hufanya maandalizi. Akaona kilima cha Kigongo, jua kali, na mzinga. Na juu ya mzinga, kuanzia mdomoni mpaka kitakoni, makopa. Mihogo mikavu imepangwa vizuri kwenye chuma cha moto, na kivulini, kati ya magurudumu, mwanamke ameketi anafukuza kuku.

Sajini alisimama wima. Koplo akadhani ameona jenerali.

"Nani huyo, afande?"

"Mama mkwe."

Alikuwa Bi Havijawa, mzazi wa mkewe. Tangu askari waondolewe kilimani, wanakijiji walikuwa wamegundua kwamba hakuna chanja nchini inayokausha kama Bi Ngurumo.

"Tumia kipaza sauti, mwambie atoke," Koplo akasema.

"Nimwambie mkwe wangu atoke?"

"Basi nimwambie mimi."

"Umwambie mkwe wangu atoke?"

Ikawa hakuna la kufanya ila adabu. Sajini akavua kofia, akasogelea maikrofoni.

"Hodi mama. Shikamoo."

Bi Havijawa akainua uso, akautazama mzinga uliomsalimia. "Marahaba, baba. Kumbe upo humo?"

"Nipo mbali, mama. Habari za nyumbani?"

"Nzuri. Mkeo hajambo, mbuzi kazaa mapacha. Habari za huko?"

"Nzuri."

"Mnakula nini?"

Nimesema Sajini alilelewa. Mkwe akikuuliza huwezi kudanganya. Akaeleza biskuti, akaeleza samaki wa kupaka, akaeleza hotipoti, ibara ya mia mbili na kumi na mbili, na amri ya saa saba. Aliposikia habari ya amri Bi Havijawa aliendelea kufukuza kuku. Aliposikia wiki tatu, akasimama.

"Umekaa na chombo cha mtu wiki tatu? Mwanangu ameolewa na nani?"

"Mama, chakula chote nilicho nacho ni cha serikali."

"Haya makopa ni ya serikali?"

Sajini akamtazama Koplo. Koplo akafungua kitabu cha kanuni, akapitisha kidole. Ibara ilisema chakula cha Jamhuri. Haikusema neno juu ya chakula cha mama mkwe.

"Ongeza siku moja," Bi Havijawa akasema, "haya ya huku mdomoni bado mabichi. Halafu niambie basi la kuvuka mpaka linaondoka saa ngapi."

Sajini akapiga simu wizarani. "Mheshimiwa, naomba siku moja zaidi. Mfumo una makopa."

Mheshimiwa Ngwereme alikuwa na wageni ofisini. Mtu aliyeitwa Daktari hawezi kuulizwa jambo la mfumo mbele ya wageni halafu aulize maana yake. "Makopa mengi?" akasema.

"Yamefunika mzinga mzima."

"Nililiogopa hilo tangu mwanzo. Shughulikieni. Na siku hiyo nakuja mwenyewe kubonyeza. Uzinduzi na ushindi vifanyike kwa pamoja, tupunguze hafla."

Pambizo nao, walipoombwa, wakaongeza siku moja. Mwenye ufunguo wa droo alikuwa bado hajarudi.

*

Bi Havijawa alishuka kwenye basi asubuhi ya siku yenyewe, akiwa na unga wa makopa kichwani, kisamvu mkononi na jogoo kwapani. Hakwenda kusalimia mtu. Aliingia namba kumi na tano, akatazama mitambo, akasema hapa hamna jiko, akatoka uani akapanga mafiga matatu. Saa tano harufu ilishavuka ukuta. Bi Zamoyoni, ambaye naye alikuwa anapikia wageni wake, alinusa mara moja, akapunguza moto wake, akanusa tena.

Kwa kuwa kanuni inawataka na viongozi wakae kilomita arobaini kutoka mzingani, na kwa kuwa duniani kote mahali pamoja tu palikuwa na hati ya Umbali Salama, Mheshimiwa Ngwereme akaja Mtaa wa Vikombe. Mpakani afisa wetu alimuuliza sababu ya safari.

"Kupiga mzinga."

"Utakaa siku ngapi?"

"Nusu saa."

Akagongewa muhuri wa matembezi.

Alifika saa sita na nusu na magari matatu, mshauri wa sheria, mpiga picha, na bendi ya matarumbeta ya watu kumi na mmoja. Chumba kilikuwa kidogo, kwa hiyo bendi ikabaki nje, na kwa kuwa nje ni barazani kwa Bi Zamoyoni, ikakaa barazani kwa Bi Zamoyoni. Wakapewa maji. Baada ya maji wakapewa ndizi. Hatukusikia tarumbeta tena.

Ndani, Waziri alisimama akaegemea ukuta, mkono mmoja mfukoni. Sisi tulikuwa dirishani. Si kwa kuchungulia, lilikuwa wazi.

"Ndugu zangu," akasema, "leo historia inabonyezwa. Miaka mingi dunia imeuliza, Mkanda ni nani. Leo tutajibu, tena kutoka mbali. Sajini, shabaha iko wapi?"

"Mheshimiwa, umeiegemea."

Waziri akageuza shingo, akautazama ukuta. Kutoka upande wa pili sauti ikasema, "Nani kachukua mwiko wangu?"

"Huyo nani?"

"Shabaha, Mheshimiwa."

Waziri akautoa mgongo ukutani polepole, kama mtu anayejibandua kwenye rangi mbichi. Akamtazama mshauri wa sheria. Mshauri akasema wako salama kabisa: mdomo wa mzinga uko kilomita arobaini na mbili.

"Na kombora likishatoka mdomoni?"

"Likishatoka, kanuni hailifuatilii."

"Tunaweza kuahirisha?"

"Amri imetiwa saini, Mheshimiwa. Mwenye saini tu ndiye anayeweza kuifuta, na amri ya vita haifutwi kwa kuwa itaonekana tumeogopa. Hayo uliandika wewe."

Zilikuwa zimebaki dakika kumi na mbili. Pazia la uani likafunuka, Bi Havijawa akaingia na ile hotipoti nyekundu. Alikuwa ameifunga kitambaa cheupe, na mvuke ulikuwa unatafuta njia ya kutokea. Hakumtazama Waziri. Aliitua mikononi mwa mkwewe, akarudi nyuma hatua mbili.

Sajini Shomvi alitazama kitufe ndani ya nailoni yake. Akatazama hotipoti. Alitazama pia ukutani pale ambapo, kwa mawazo yangu, alikuwa anaona ubao wa kikosi na majina matatu. Kisha akapiga saluti kwa kichwa, maana mikono ilikuwa imejaa.

"Mheshimiwa, naomba ruhusa nirudishe chombo cha watu."

"Sasa hivi? Na mzinga?"

"Mzinga uko tayari, ni kubonyeza tu. Lakini hiki kitapoa."

Akatoka bila kungoja jibu. Miaka ishirini na moja, ndiyo siku ya kwanza. Koplo Chilumba akambebea bakuli la mchuzi wa jogoo. Bi Havijawa akafuata na kisamvu.

*

Mlango wa namba kumi na nne ulikuwa wazi. Bi Zamoyoni alikuwa amesimama mikono kiunoni, na nyuma yake wageni wake, na Mzee Kidevu na daftari lake, na sisi, ambao tulikuwa tumezunguka mbio kutoka dirishani.

Sajini akapiga goti nusu, akanyoosha mikono miwili. "Hodi, dada. Nimeleta chombo."

Bi Zamoyoni akakipokea. Akakipima uzito kwanza, hilo nililiona. Akafungua kitambaa, akainua kifuniko, mvuke ukampiga usoni, akafunga.

"Makopa?"

"Makopa. Ya mama mkwe, huyu hapa."

Wale wanawake wawili wakatazamana kama wapishi wanavyotazamana. Kisha Bi Zamoyoni akamgeukia Sajini, na sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Ungeniambia tangu mwanzo kwamba huna cha kuweka."

"Niliona aibu."

"Ungeweka hata maji, baba. Ningeyanywa."

Mzee Kidevu akalamba kalamu, akaandika daftarini: "Imerudi. Imejaa." Kwa upande wa Pambizo vita ilikuwa imekwisha, ingawa wizara iliarifiwa baada ya wiki mbili.

Mikeka ikatandikwa. Bendi ikaingia kutoka barazani bila kuitwa mara mbili. Mshauri wa sheria alitokea mlangoni akasema amekuja kuhakiki umbali, akaonyeshwa mahali pa kukaa. Mpiga picha akasema mwanga wa huku ni mzuri zaidi.

Mheshimiwa Ngwereme akabaki peke yake namba kumi na tano. Mimi nilirudi dirishani kidogo, nilikuwa nimesahau ungo wangu. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha Sajini, kidole juu ya nailoni. Kwenye skrini Bi Ngurumo alikuwa amekaa juani, safi, bila kopa hata moja, na kuku amesimama juu ya mdomo wake. Saa ya ukutani ilisema imebaki dakika moja.

"Sajini," akaita.

"Naam, Mheshimiwa," ikajibu sauti nyuma ya ukuta, mdomo umejaa. "Niko shabahani."

"Na mshauri?"

"Yuko shabahani."

"Bendi?"

"Wote wako shabahani, Mheshimiwa."

Upande ule mtu akasema jambo juu ya nyusi za Koplo, nyumba nzima ikacheka, ukuta ukatikisika kidogo. Waziri akautazama ule mtikisiko. Jasho lilikuwa limeshuka mpaka kwenye tai. Tumbo lake likanguruma, na alilifunika kwa mkono ulio huru, kama kwamba kuna mtu wa kumsikia.

Saa ikagonga saba.

Mlango ukasukumwa. Alikuwa Bi Zamoyoni, jagi mkono mmoja, beseni mkono wa pili, taulo begani. Akamtazama Waziri, akatazama kidole, akatazama nailoni.

"Wewe baba wa tai," akasema, "umekaa humu peke yako kama mgonjwa, na wenzako wote wanakula. Hebu toa hicho kidole hapo, lete mkono nikunawishe. Halafu uje ndani, kuna paja la jogoo tumekuwekea."